Talaka za Desemba

Siku niliyoagwa ofisini mawakili wadogo waliniomba hotuba. Niliwaambia nina njaa, na kweli nilikuwa nayo, kwa hiyo nikala ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, nikapokea kitenge na picha yangu kubwa iliyotiwa fremu, nikaenda zangu nyumbani. Maneno yalianza kuja wiki iliyofuata, nikiwa sina wa kumwambia isipokuwa ng'ombe wangu wawili, ambao hawana shida na sheria. Basi nayaandika. Anayetaka kujua nilipanda vyeo gani na lini atawauliza wengine. Mimi nitaeleza kazi yenyewe, hasa ile iliyonikaa mikononi kuliko zote: kuvunja ndoa za watu ambao mmoja yuko Moshi na mwenzake yuko ng'ambo.

Nilianza kwa Mzee Wilbald, wakili wa Rombo aliyekuwa na vyumba viwili juu ya duka la vitambaa katikati ya mji. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu, vyeusi, nilivyovinunua makusudi kwa ajili ya uwakili. Mzee aliviangalia kwa huruma, akaniuliza kama nina gambuti. Sikuwa nazo. Akaniazima za mkewe, tukapanda Machame kwenye mvua kumwona mama wa mteja wetu mmoja, na mchana kutwa nilikanyaga matope huku nikiandika ushahidi kwenye goti. Tulipokuwa tunashuka aliniambia kwamba wakili wa ndoa katika mkoa huu anahitaji vitu vitatu: Sheria ya Ndoa, joho na gambuti, na katika hivyo joho ndilo la kuazima.

Yeye ndiye aliyenifundisha swali la kwanza. "Usimuulize mtu ndoa yake imevunjikaje," alisema. "Hilo atakueleza mwenyewe, tena kwa machozi. Muulize imevunjikia wapi." Nilidhani ni utani wa wazee. Baadaye nikaelewa kwamba ndoa iliyofungwa Machame, ikaishi Ulaya, ikafia kwenye simu, inaweza kukosa mahakama kabisa. Huku watakwambia nenda kule, kule watakwambia rudi huku, na wewe uko katikati na cheti chako cha ndoa mkononi. Kabla hujajua nani alimkosea nani, jua kwanza ni mlango gani utakaofunguliwa ukibisha.

Shauri langu la kwanza peke yangu lilikuwa la kijana wa Marangu, mwongoza wageni mlimani, aliyempandisha mlima Mdenmark mmoja wakashuka wakiwa wachumba. Walioana Marangu, wakaenda kuishi Denmark, wakaachana huko kwa amani bila hata kugombania vijiko. Kijana akarudi nyumbani, akapata binti wa Mwika, akaenda kwa mchungaji kuandikisha ndoa. Mchungaji akamwambia mke wake anamjua vizuri, maana alikula wali wa harusi yao. Kule alikuwa mseja, hapa alikuwa mume wa mtu. Ilinibidi niiombe mahakama yetu iitambue talaka ya Denmark, na kwa hiyo nikahitaji mtu wa kuitafsiri. Nilimpata bibi mmoja wa Kidenmark, mmisionari mstaafu aliyekuwa anafuga nyuki Kilema. Aliitafsiri hukumu kwa usafi mkubwa, kisha akanirudishia na maombi yangu, akiwa ameyasahihisha Kiswahili bila kuombwa. Kijana alioa mwezi uliofuata, na mimi nikala wali wa pili.

Zana za kazi hii zimebadilika sana. Nilianza na mashine ya chapa iliyokuwa inaruka herufi, na simu ya kadi iliyokata mteja anapofika kwenye jambo lenyewe. Halafu tukaja kwenye barua pepe za kulipia pale kwenye duka la intaneti, kijana wa duka akisoma mambo ya wateja wangu begani kwangu na kunishauri. Sasa nyinyi mnamhoji mtu aliyeko Oman kwa simu yenye picha, huku mnakunywa chai. Sina kinyongo. Ila hakuna chombo kilichonisaidia kuliko kalenda ya ukutani, na sababu yake ni Desemba.

Nieleze. Huwezi kumshtaki mtu asiyejua kwamba ameshtakiwa. Lazima hati ya wito imfikie, na mtu aliyeko ng'ambo ambaye hataki kufikiwa anahama nyumba, anabadilisha namba, anasema hakuona. Nilipokutana na mtu wa namna hiyo mara ya kwanza, nilikwenda kwa Mzee Wilbald nimekata tamaa. Aliniuliza jambo moja tu, mtu huyo kwao ni wapi. Nikasema Kibosho.

"Basi tulia," alisema. "Desemba atakuja mwenyewe, tena na nguo mpya."

Akaja. Mchagga anaweza kukosa harusi ya dada yake, lakini Krismasi ya nyumbani hakosi. Tatizo ni kwamba mahakama nazo huenda likizo katikati ya mwezi huohuo, kwa hiyo ukingoja mpaka uwaone watu wamejaa barabarani umeshachelewa. Hati ziandaliwe mapema, zigongwe mhuri mapema, zikae tayari. Kwa miaka mingi, mwanzoni mwa Desemba, makarani wa masjala walinipokea kwa kicheko na kuniuliza kama nimefuata zawadi zangu za Krismasi. Niliwajibu ndiyo, na ziwe na mihuri.

Sasa nifike kwa Wakesho, maana shauri lake ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Alikuja ofisini asubuhi moja akiwa na watoto wake wawili na bibi mzee mwenye kilemba cha kanisani. Mzee Wilbald alikuwa ameshatangulia mbele ya haki zamani, na kiti chake nimekikalia mimi. Nilimwamkia yule bibi shikamoo, akaitika marahaba, akakaa, akaweka chini mkungu wa ndizi aliokuja nao. Nilidhani ni mama amemleta bintiye. Nikamuuliza nimsaidie nini.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Nimemleta umtenganishe na mwanangu."

Katika kazi yangu nimeona mama wakwe wa kila aina, na wengi wao sitaki kuwakumbuka. Huyu wa kumsindikiza mkwe akadai talaka ya mwanawe wa kuzaa, tena na ndizi juu, nilikuwa sijamwona. Jina lake Bibi Aikande, wa Machame, mjane. Mwanawe Anaeli ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani lile shamba la ukoo la migomba na kahawa ambamo watu wanaishi na ndimo wanamozikwa.

Wakesho mwenyewe ni Mtaita, raia wa Kenya. Alikuja Moshi kusomea uuguzi, akakutana na Anaeli darasani, wakafunga ndoa kanisani Machame. Baadaye walikwenda Ujerumani wote wawili kutunza wazee, watoto wakazaliwa huko. Ndoa ilipochacha, Anaeli alimwambia apumzike kidogo nyumbani na watoto, wamsalimie bibi. Akawasindikiza uwanja wa ndege, akawabusu, akabeba hata mabegi. Walipofika Machame, Wakesho akagundua kwamba tiketi za kurudi zimefutwa, na kwamba kibali chake cha kuishi kule, kilichosimama juu ya jina la mume, kimekufa kwa kuwa mume amejitoa. Hazikupita siku nyingi Anaeli akafungua shauri la talaka huko Ujerumani. Aliomba na watoto warudishwe kwake.

Wakesho alinieleza haya yote kwa sauti ya muuguzi anayesoma cheti cha mgonjwa wa kitanda kingine. Sauti ilimvunjika mahali pamoja tu. "Mimi talaka siiogopi," alisema. "Aichukue hata leo. Naogopa nitaamka siku moja niambiwe watoto wameamuliwa mahali ambapo mimi hata mlango siruhusiwi kuingia."

Hasira iliyonipanda siku ile sikuwahi kuipata kwa sababu ya mteja. Nilimwambia aniachie pasi za kusafiria za watoto, nikazifungia kabatini, na ufunguo nikauning'iniza shingoni pamoja na msalaba wangu.

Sheria yetu haikuniruhusu kukimbia moja kwa moja mahakamani. Ndoa hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi, nasi tukaenda kwenye baraza la kanisa kule juu Machame. Wazee walimpigia Anaeli kwa simu ya picha, wakaisimamisha simu kwenye bakuli la sukari. Alitokea amevaa kofia, na kabla ya lolote mzee mmoja akamwambia aivue, yuko mbele ya baraza. Akaivua. Kisha akasema kwa heshima zote kwamba halitambui baraza hilo, kwa kuwa yeye sasa ni mtu wa Ujerumani na mambo yake yanaamuliwa huko. Mwenyekiti akamuuliza kama huko watu wanabatizwa upya. Simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa kidole. Baraza likatupa cheti kwamba limeshindwa kusuluhisha.

Ugumu wenyewe ulikuwa hapa, na nauweka wazi ili hata asiye mwanasheria aufuate. Ili mahakama yetu isikilize talaka, mwombaji awe na makazi ya kudumu hapa nchini, au awe ameishi hapa mwaka mzima kabla ya kufungua shauri. Wakesho alikuwa ameishi Machame miezi michache tu. Tungengoja mwaka utimie, mahakama ya Ujerumani ingekuwa imeshamaliza kazi bila yeye. Ukabaki mlango mmoja: yeye ni mke wa mtu wa Machame, makazi yake yamesimama juu ya makazi ya mumewe. Kama Anaeli bado ni mtu wa hapa, tunaingia. Kama kweli amehamia Ujerumani moja kwa moja, tumefungiwa nje na watoto wamekwenda.

Nilifungua shauri, nikachukua hati zangu mapema Desemba kama kawaida. Wakili wa Anaeli alikuwa kijana kutoka Arusha, Wakili Denis, mwerevu na mwenye adabu, ambaye mpaka leo namheshimu. Baadaye aliniambia kwamba alimkataza mteja wake kabisa asikanyage Kilimanjaro mwaka ule. Alimweleza, akamwandikia, akampigia. Anaeli alikubali kila kitu. Tarehe ishirini na mbili akatua.

Mwaka ule hati nilimpa Bwana Kundaeli, mpeleka hati wa mahakama, mtu mpole mwenye suti moja ya kijivu ambayo ilifaa kote, harusini na msibani. Siku ya Krismasi alikwenda ibadani palepale Machame, akaketi kiti cha nyuma, akaimba. Baada ya ibada akafuatana na watu mpaka kihambani, na kwa kuwa siku ile hakuna anayemuuliza mgeni amealikwa na nani, alikaribishwa kiti na bakuli la kisusio, ile supu yetu ya mbuzi yenye damu. Alikunywa mpaka mwisho, maana kuacha kisusio cha watu ni dharau. Ndipo akafuta mikono, akasimama, akamwamkia Bibi Aikande, akamwendea Anaeli aliyekuwa anakatakata mbuzi, akamwomba aweke kisu chini kidogo. Akampa hati. Anaeli aliisoma yote, akaikunja, akamuuliza Bwana Kundaeli kama ameshapata nyama. Ndiyo maana nasema watu wetu nawapenda hata wanaponiudhi.

Sheria hupenda dharura zikiandikwa vizuri, na niliandika yangu vizuri. Mahakama ya Hakimu Mkazi ilikubali kutusikiliza wakati wa likizo, kabla Anaeli hajaondoka. Wakili Denis aliweka pingamizi kwamba mahakama haina mamlaka: mke ni Mkenya asiyetimiza mwaka, mume ni mkazi wa kudumu wa Ujerumani. Mheshimiwa Hakimu, mama mkali asiyependa maneno mengi, akasema suala la mtu kwake ni wapi haliamuliwi kwa vitabu vitupu. Aje mwenyewe, aape, ahojiwe.

Anaeli alikuja na koti zito katika jua la Januari. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo Mjerumani wa kweli asingelifanya: alimleta mama yake. Alimfuata asubuhi na gari la kukodi, akamketisha benchi la mbele, ili mahakama ione kwamba ni mtoto wa watu, mwenye mama anayemheshimu. Wakili Denis alipomwona yule bibi anaingia, nilimwona anafumba macho.

Anaeli alijibu maswali ya wakili wake vizuri sana. Kazi yake iko kule. Nyumba ameshaanza kuilipia kule. Kodi analipa kule, daktari wake yuko kule, hata ndoto, alisema, siku hizi anaziota kwa Kijerumani. Wakili Denis akamuuliza, je, huku Machame? Akasema huku anakuja likizo tu. Bibi Aikande alikuwa anatazama mikono yake.

Niliposimama nilianza mbali. Nilimuuliza kuhusu ile nyumba ya matofali yenye geti aliyoijenga kihambani. Akasema ni ya mapumziko. Nikamuuliza migomba anailima nani. Mama, akasema, na vibarua. Nikamuuliza kihamba kile ni cha nani. Akasema ni cha marehemu baba. Na baada ya baba? Akasita, akasema kwa desturi ni cha kwake, yeye ndiye wa mwisho. Nikamuuliza baba amelala wapi. Palepale, nyuma ya nyumba.

"Bwana Anaeli," nikasema, "siku Mungu akikuita, utazikwa wapi?"

Wakili Denis aliruka. Alisema swali halihusiani na shauri, na kwamba namtisha shahidi. Nilimweleza Mheshimiwa kwamba sheria inauliza mtu ameamua kubaki wapi moja kwa moja, na mimi sijui sehemu ambayo mtu anabaki moja kwa moja kuliko hiyo. Hakimu aliandika kidogo, akainua uso.

"Ajibu."

Wadogo zangu, hapo pimeni wenyewe. Angeweza kusema Ujerumani na shauri lingekwisha palepale, tungebeba mafaili yetu twende. Neno moja tu. Lakini lile neno angelisema mbele ya mama yake, yeye kitinda mimba, mwenye kihamba, ambaye baba yake amelala pale akimngoja. Hakumtazama mama. Alitazama ukuta, akatazama dirisha, akashika kifungo cha lile koti.

"Nyumbani," alisema.

"Nyumbani wapi?"

"Machame."

"Sina swali jingine, Mheshimiwa."

Nikakaa. Pingamizi lilitupwa mchana uleule. Uamuzi tuliutuma Ujerumani kupitia wakili wa huko, na shauri la kule likawekwa kando kusubiri letu.

Nje, kwenye korido, Bibi Aikande alimngoja mwanawe. Sikupaswa kusikiliza, lakini korido ile ni nyembamba na mimi si kiziwi. Alimwambia amejibu vizuri, amefurahi. Kisha akamwambia, kwa sauti ya chini ileile, kuna jambo hajalielewa. "Umesema utarudi uzikwe hapa. Watakaokuleta ni akina nani? Mimi sitakuwepo. Ni hawa watoto. Sasa ukiwakuza huko mpaka wasahau njia ya kwetu, mwanangu, nani atakufikisha?" Anaeli akamshika mkono. Alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamfungia mkanda, na siku ya tatu akapanda ndege.

Shauri lenyewe lilisikilizwa baada ya masika. Anaeli alitokea kwenye skrini ya mahakama, safari hii bila kofia. Ndoa haikuwa na wa kuitetea, hivyo ugomvi ulibaki kwa watoto. Upande wa Anaeli ulisema Wakesho ni mgeni hapa, hana ardhi, hana ukoo, leo yuko Machame kwa hisani ya mkwe, kesho atavuka mpaka arudi kwao na watoto wasionekane tena. Wakesho alisimama kizimbani amevaa sare yake ya uuguzi, maana wakati huo alikuwa ameshapata kazi mjini na ametokea zamu.

Wakili Denis alikuwa hajalisahau lile swali langu. Nami ningekuwa yeye nisingelisahau. Alimuuliza Wakesho kama ni raia wa Kenya. Ndiyo. Kama baba yake ana shamba Taita. Analo. Akarekebisha joho, akanitupia jicho.

"Basi na wewe tuambie, ukifa utazikwa wapi? Machame au Taita?"

Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu kupinga. Wakesho hakunisubiri.

"Mimi sijaja hapa kutafuta pa kuzikwa, wakili," alisema. "Nimekuja kutafuta pa kuishi na wanangu. Pa kuzikwa watanitafutia wao."

Nilikaa. Wakili Denis naye akakaa. Hakuwa na swali jingine, na kwa uungwana wake hakujifanya analo. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Nilimwangalia Bibi Aikande, machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti, na mimi yangu nayafuta kwa ukosi wa joho. Nimehoji mashahidi maisha yangu yote, nimewafundisha wateja majibu mpaka usiku wa manane, na sikuwahi kumpa mtu jibu zuri hivyo.

Kwenye skrini, Anaeli alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Hakimu akamruhusu. Alisema anaomba asizungumze kupitia wakili. Alisema watoto wabaki na mama yao Moshi, wasome hapa, wapande kwa bibi yao wanapotaka. Likizo ndefu waende kwake Ujerumani, na Desemba yeye atakuja. Wakili Denis alifunga faili lake polepole, na nadhani naye alipumua.

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Ndoa ilivunjwa. Watoto waliwekwa chini ya mama yao, na baba kuwaona kama alivyosema mwenyewe. Nyumba nyingine, ndogo, waliyokuwa wameijenga mjini kwa jasho la wote wawili, iliandikwa kwa majina ya watoto, kwa kuwa mgeni hamiliki ardhi nchini kwetu, na Wakesho akakabidhiwa akae nao humo. Nyumba ya geti na kihamba hakuvigusa, wala hakuwahi kuviomba. Hilo lilikuwa shauri langu la mwisho la ndoa, na nashukuru halikuwa lolote kati ya yale niliyoshindwa, ambayo yapo, ila siyaandiki kwa sababu kalamu ni yangu.

Tulipotoka tu ukumbini, Wakesho alimkumbatia mama mkwe wake wa zamani, na yule bibi akamwita mwanangu mbele ya kila mtu. Kisha korido nzima ikasikia kigelegele, kirefu, cha Machame kabisa, kile cha kumpokea bibi harusi. Chumba cha pili kesi ya mtu ilikuwa inaendelea. Karani alitoka mbio kuja kunyamazisha. Akamwangalia Bibi Aikande, amefumba mdomo. Akamwangalia Wakesho, analia. Aliyekuwa anapiga kigelegele ni mimi, wakili, na joho langu mwilini, na sikunyamaza mpaka pumzi iliponiishia.